Mwovu wa Hadithi na Mlango wa Toba



Jioni moja hapa Ipagala, baada ya chakula, wajukuu wetu wawili walikuwa wakitazama tamthilia ya nchi za nje iliyotiwa maneno ya Kiswahili, nasi tumekaa pembeni na gazeti letu. Katika tamthilia hiyo alikuwamo tajiri mmoja mkatili ambaye kwa majuma mengi alikuwa amewatesa watu wa nyumbani mwake. Usiku ule alipiga magoti, akalia, akaomba msamaha, akasamehewa na wote. Mjukuu mdogo, msichana wa darasa la nne, akapiga makofi. Kaka yake wa kidato cha tatu akakasirika. "Wameshamharibu," akasema. "Alikuwa adui mzuri kweli kweli, sasa wamemwokoa bure." Wakabishana mpaka mwishowe wakatugeukia: "Babu, wewe ni mwalimu, hebu amua."

Hatukuamua. Tuliwaambia wakalale kwa kuwa kesho ni shule. Lakini sisi wenyewe hatukupata usingizi mapema.

Twaandika makala haya ili kuwajibu wajukuu wetu, na pia kujijibu wenyewe. Maana maswali yao ni mawili, wala si ya kitoto. La kwanza: kwa nini mtu mwovu wa hadithi anatuvuta kuliko mwema? La pili: je, ni lazima mwovu huyo aokoke kabla hadithi haijaisha? Wengine watasema kwamba mambo ya tamthilia hayalihusu Kanisa. Sisi twaona yanalihusu, kwa kuwa jinsi tunavyozoea kumtazama mwovu wa hadithi ndivyo tunavyoelekea kumtazama jirani aliyekosa.

MAJI YA SUNGURA

Vijana wetu humwita shujaa wa filamu "steringi", na mpinzani wake humwita "adui". Tangu zama za vibanda vya video, ambako mtafsiri alikaa na kipaza sauti akiwaeleza watazamaji mambo kwa Kiswahili, kila mtoto alijua sheria moja: steringi hafi. Lakini mtazame mtoto huyo huyo kesho yake anapoigiza na wenzake uwanjani. Aghalabu nafasi inayogombewa ni ya adui. Huyo ndiye mwenye kicheko cha kutisha, ndiye mwenye maneno yanayokumbukwa, na ndiye anayeanzisha mambo. Steringi kazi yake ni kujibu tu.

Wala tusidhani kwamba tabia hii imeletwa na televisheni. Sisi tuliolelewa kabla umeme haujafika vijijini tuliketi jikoni kwa bibi tukasikia habari za sungura. Bila shaka mnaikumbuka hadithi ya kisima. Kiangazi kimekuwa kikali, wanyama wote wanakubaliana kuchimba kisima, na sungura peke yake anakataa kuchimba. Maji yanapopatikana anakuja kwa hila, anamdanganya mlinzi, anakunywa, anaoga, na kuyachafua kabla ya kwenda zake. Sisi watoto tulicheka mpaka machozi. Kobe alipomnasa tulihuzunika, na alipoponyoka tulishangilia.

Sasa fikirini. Hadithi hiyo tuliisikia hapa Ugogo, katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, ambako wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mito iliyokauka wakitafuta maji. Mtu wa kweli ambaye angekataa kuchimba pamoja na wenzake, kisha akaja usiku kuyachafua maji ya kijiji, nani angemshangilia? Bibi yule yule aliyetusimulia kwa kicheko angekuwa wa kwanza kupiga ukunga.

Hii basi ndiyo sababu ya kwanza ya mvuto wa mwovu: maji anayoyaiba sungura si maji yetu. Hadithi inaturuhusu kuonja uasi pasipo kulipa gharama yake. Mtoto ambaye tangu asubuhi ameamriwa chota maji, chunga mbuzi, nyamaza wakubwa wanasema, anamwona kiumbe mdogo asiyeamriwa na mtu, naye moyo wake unapumua. Kupumua huko si dhambi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba tunacheka kwa sababu kiu si yetu.

MTU ANAYEJUA ANACHOTAKA

Sababu ya pili tuliijua darasani. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka 1963 alikuwa amekwisha kutoa tafsiri ya Juliasi Kaizari, alitoa tafsiri ya mchezo mwingine wa Shakespeare, akauita Mabepari wa Venisi. Tuliusoma tukiwa wanafunzi, tukaurudia katika chuo cha ualimu, na baadaye tukausomesha kwa miaka mingi.

Kwa ajili ya wale ambao hawajausoma, habari yake kwa ufupi ni hii. Antonio, mfanyabiashara, anataka kumsaidia rafiki yake anayetaka kuoa. Anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji wa fedha kwa riba, ambaye kwa muda mrefu amemdharau na kumtemea mate. Shylock hataki riba safari hii. Anataka mkataba: deni lisipolipwa kwa muda wa miezi mitatu, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Wakati huo huo binti yake Shylock, Jessica, anatoroka na kijana Mkristo, akichukua fedha na vito vya baba yake. Habari zinafika kwamba merikebu za Antonio zimepotea, deni halilipiki, na Shylock anakwenda mahakamani na kisu chake.

Kila tulipogawa sehemu za kusoma kwa sauti, mikono iliinuka kwa ajili ya Shylock. Antonio hakuwa na watu, ingawa yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwema. Siku moja tuliwauliza wanafunzi sababu, kijana mmoja akajibu: "Mwalimu, huyu anajua anachotaka." Hatujapata kusikia jibu bora kuliko hilo. Antonio ana huzuni asiyoijua chanzo chake tangu ukurasa wa kwanza. Shylock ana jeraha, analijua, na anawataja kwa majina waliomjeruhi. Anapouliza kama yeye naye hana macho na damu kama watu wengine, hakuna mtu jukwaani anayeweza kumjibu.

Yafaa kuliangalia pia jina la tafsiri. Kwa Kiingereza jina la mchezo lamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu Nyerere aliandika mabepari, yaani wengi, tena miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati ambapo neno bepari halikuwa neno la heshima. Sisi tulilielewa hivi, kwamba mji mzima umo katika shitaka. Yule mwovu hakuota peke yake kama uyoga. Kuna udongo uliomwotesha.

Hapo ndipo kuvutwa na mwovu kunapoweza kuwa na faida. Mwema asiye na doa hatuulizi swali lolote, twamsifu kisha twafunga kitabu. Mwovu mwenye sababu anatuuliza: ungetemewa mate wewe kila siku sokoni, leo ungekuwa nani? Msomaji anayekubali kuulizwa hivyo amepata mafunzo ambayo hotuba kumi zisingempa.

Lakini kuna hatari, na walimu tusiifiche. Kuelewa si kuhalalisha. Shylock anakinoa kisu chake mbele ya mahakama, na aliyefunuliwa kifua ni mtu hai. Anayempenda mwovu mpaka amsahau aliye mbele ya kisu ameachana na haki, hata kama anadhani anatetea mnyonge. Yeye aliyetoka kutukumbusha kwamba watu wote wana damu ndiye sasa anayetaka kuimwaga. Tukikubali swali lake, hatuna budi kumrudishia.

UBATIZO WA MAHAKAMANI

Sasa tuje kwenye swali la pili. Mnakumbuka mwisho wa kesi ile. Portia, aliyevaa kama mwanasheria, anamsihi Shylock awe na huruma, naye anakataa. Kisha anamnasa kwa maneno ya mkataba wenyewe: akate nyama, lakini asimwage tone la damu. Shylock ameshindwa. Anavuliwa mali, na miongoni mwa masharti ya kuachiwa ni kwamba awe Mkristo. Anakubali kwa maneno machache, anasema hajisikii vizuri, anaomba ruhusa aende zake. Katika tendo la tano haonekani tena. Wengine wako Belmont penye mbalamwezi, wakifanya mzaha juu ya pete.

Kwa hesabu ya juu juu, mwovu huyu ameokoka. Amebatizwa, au yuko njiani kubatizwa. Sisi Wakristo tungepaswa kufurahi. Lakini tuliposoma mahali hapo darasa lilinyamaza kimya, na msichana mmoja, mtoto wa katekista, akauliza: "Mwalimu, ubatizo wa namna hiyo ni ubatizo?" Tulimjibu kwamba kengele imelia. Kweli ilikuwa imelia, lakini hata isingelia hatukuwa na jibu.

Yatupasa kueleza kwa nini swali lile lilituchoma. Miaka michache kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1980, tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya bweni. Wasomaji wa umri wetu wanaikumbuka hali ya wakati ule: sabuni, sukari na mafuta vilikuwa adimu, na miche ya sabuni ilifungiwa stoo kwa kufuli. Mvulana mmoja akakutwa na mche mmoja chini ya godoro lake. Sisi ndio tuliokuwa tukishika mambo ya nidhamu. Tuliona kwamba fimbo peke yake haitoshi, tulitaka atubu. Basi tukamwandikia maneno, tukamsimamisha mbele ya wenzake mstarini asubuhi, naye akayasema yote bila kukosea: amekosa, anajuta, amekuwa mtu mpya. Wanafunzi wakapiga makofi. Tulirudi ofisini tukiwa na furaha, tukamwambia mwalimu mwenzetu kwamba leo mtoto ameokolewa.

Baada ya majuma mawili kitanda chake kilikuwa kitupu. Hakurudi tena. Na mpaka leo hatujui ni kwa nini aliichukua sabuni ile, kwa sababu hatukumwuliza. Tulimwandikia toba nzima, tukasahau kumwuliza swali moja.

Tangu siku ile ya Shylock na kengele tumeamini jambo hili: toba iliyoandikwa na mtazamaji ni mali ya mtazamaji. Inamfaa yeye. Inamwezesha kulala. Mwenye kosa anabaki pale pale alipokuwa, ila sasa amefundishwa pia kusema uongo mbele ya umati.

Kwa hiyo mjukuu wetu wa kidato cha tatu hakukosea sana. Yule tajiri wa tamthilia hakutubu, aliandikiwa. Majuma mengi ya ukatili yalifutwa kwa machozi ya dakika tano, kwa sababu hadithi ilikuwa inakaribia kwisha na watazamaji walitaka kufurahi. Kijana aliona kwamba amedanganywa, na katika hilo macho yake yalikuwa makali kuliko yetu ya mwaka ule wa sabuni.

ALIYECHAPA HUKU AKILIA

Je, tuseme basi kwamba mwovu wa hadithi abaki mwovu daima? La hasha. Katika lugha yetu tunayo hadithi nyingine, ambayo wengi wetu tuliisoma tukiwa vijana. Ni Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Adili ana ndugu wawili, na mwandishi amewapa majina ambayo kwa desturi yake ndiyo hukumu yao: mmoja ni Hasidi, mwingine ni Mwivu. Kwa ajili ya wivu wanamtosa Adili baharini. Anaokolewa na Huria, ambaye ni jini, naye Huria anawageuza ndugu wale kuwa manyani. Zaidi ya hayo anamwamuru Adili awachape kila usiku.

Angalieni namna Adili anavyoitimiza amri hiyo. Anachapa huku akilia. Akisha kuchapa anawabembeleza na kuwalisha. Mjumbe wa mfalme anaona mambo hayo kwa siri, habari zinamfikia Mfalme Rai, naye mfalme anawaombea kwa wenye amri. Mwisho ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu wao na kusamehewa.

Linganisheni miji hii miwili. Kule Venisi mwovu anahukumiwa na watu wasiotoa hata chozi, kisha wanakwenda kucheka. Katika hadithi ya Shaaban Robert, aliyedhulumiwa mwenyewe anaumia pamoja na waliomdhulumu, na hata wakiwa manyani anawapa chakula kama ndugu. Ndiyo sababu msamaha wa mwisho hautushangazi. Ulikuwa umeanza kulipiwa tangu usiku wa kwanza, na aliyeulipia ni yule aliyetoswa. Hapo hadithi haikutudanganya. Hata mtu aliyeitwa Hasidi, jina lililomfunga tangu ukurasa wa kwanza, aliachiwa mlango.

USHUHUDA UNAOPENDWA

Mpaka hapa tumesema juu ya watu wa vitabuni. Lakini wako watu halisi ambao maisha yao yamekuwa hadithi. Huko Kenya, mwaka 1984, kilitoka kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime. Mwandishi alikuwa mwizi wa mabenki aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 10, na kitabu kile alikiandika humo humo gerezani. Vijana wa Afrika Mashariki walikisoma mpaka kurasa zikachanika. Tuliowaona wakikisoma hawakuwa wakitafuta toba. Walikuwa wakitafuta bastola, magari yanayofukuzana na ujanja wa kuwakwepa polisi. Mwaka 1989 akatoa kitabu cha pili, kinachosimuliwa kwa upande wa mwanamke aliyempenda mhalifu huyo. Sisi twashauri kwamba anayesoma cha kwanza asome na cha pili, ili aone upande wa wale wanaongoja nyumbani usiku.

Tusiwacheke vijana hao, kwa kuwa sisi wa Kanisa tunafanya vivyo hivyo. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulituachia urithi mwema wa kuungama waziwazi. Wazee wa Uamsho walipookoka walirudisha vitu vya watu. Ushuhuda wao ulikuwa na kuku, mbuzi na shilingi ndani yake. Lakini angalieni mikutano yetu ya siku hizi. Anaposimama mtu aliyekuwa jambazi, watoto wanasogea mbele na hata walio nje wanaingia. Anaposimama mama aliyezaliwa katika nyumba ya katekista, akalea watoto saba na hakumwibia mtu, watu wanatazama saa. Jambazi anapoeleza habari za bunduki twamsikiliza kwa nusu saa, na habari za neema anazimaliza kwa dakika mbili. Tumewaona vijana wakizikuza dhambi zao ili ushuhuda upate uzito. Maana yake ni kwamba hata kanisani tunampenda adui kuliko steringi, ila tunamtaka avae shati jeupe.

Kumbukeni kwamba katika Sala ya Asubuhi sote twaungama pamoja, kwa maneno yale yale, askofu na mpiga kengele. Hakuna anayepewa kipaza sauti. Wengine huona maungamo hayo ni baridi. Sisi katika uzee wetu tumeanza kuiona hekima yake: hakuna mtazamaji. Wote wako upande mmoja wa jukwaa.

HADITHI ISIYOFUNGWA

Tukitaka kujua jinsi ya kumsimulia mwovu, yafaa tuiangalie Injili yenyewe. Katika Luka 23 wako wahalifu wawili msalabani. Mmoja anageuka na kuomba akumbukwe. Mwingine anakufa akitukana. Mwinjili hakumwandikia yule wa pili machozi ya dakika ya mwisho, ingawa msomaji angefurahi. Alimwacha huru hata kupotea, na hivyo toba ya yule wa kwanza ikawa na thamani.

Katika Luka 15, kaka mkubwa wa mwana mpotevu anasimama nje akiwa amekasirika, na baba yake anatoka kumsihi. Hadithi inakoma hapo. Hatuambiwi kama aliingia. Bwana wetu alikuwa na uwezo wa kuifunga hadithi vizuri, wala hakuifunga. Mlango uliachwa wazi, na mtu amesimama mbele yake.

Na katika Luka 19, kabla Zakayo hajatamka neno la toba wala kuahidi kurudisha mara nne, Yesu amekwisha kujialika nyumbani kwake. Chakula kilitangulia, ungamo likafuata. Sisi tulifanya kinyume siku ile ya sabuni. Tulidai ungamo kwanza, na chakula hatukukitoa kabisa.

Yuko mmoja tunayeogopa kumtaja. Mathayo 27 yasema kwamba Yuda alijuta, akaenda kwa makuhani, akakiri kosa lake na kurudisha vipande 30 vya fedha. Nao wakamwambia kwamba hilo haliwahusu, ni shauri lake mwenyewe. Mambo mengi yamesemwa juu ya mwisho wa Yuda, nasi hatuna neno la kuongeza. Lakini kila tusomapo habari ile twatetemeka kwa ajili ya wale makuhani. Mtu alikuja na toba yake mkononi, isiyoandikwa na mtu mwingine, na wale ambao kazi yao ilikuwa kuipokea walikuwa na shughuli nyingine.

Basi jibu letu kwa wajukuu ni hili. Mwovu wa hadithi hahitaji kuokoka ili tumpende, wala ili hadithi iwe njema. Anachohitaji ni kweli: tuambiwe alitendwa nini na alitenda nini, tuonyeshwe aliowaumiza, na mlango wa toba usifungwe mbele yake wala asisukumwe kuupita. Akiingia, aingie kwa miguu yake. Anayetaka mwovu abaki mwovu milele ili yeye afurahi, na anayetaka aokoke upesi ili yeye alale, wote wawili wanajifikiria wenyewe. Katika hadithi kosa hilo ni dogo. Kwa mtu hai ni kosa kubwa.

Twasema hivi kwa sababu mtaani kwetu yuko kijana mmoja aliyerudi kutoka gerezani. Wengine wanamwita bado kwa jina la kosa lake, na watoto wanamfuata nyuma wakiomba awasimulie. Wengine, watu wema wa ushirika wetu, walimtaka atoe ushuhuda katika mkutano wa vijana. Alikataa kwa adabu. Alisema yeye anatafuta kazi tu, hata ya kubeba tofali katika nyumba hizi nyingi zinazojengwa Ipagala. Tangu hapo kuna wanaonong'ona kwamba hajatubu. Jumapili hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na watu wengi huenda kukaa mbali kidogo.

Juma lililopita tulimwomba aje kutusaidia kusimamisha ukuta wa banda la kuku. Tulipatana ujira, akafanya kazi vizuri. Saa saba tukala ugali pamoja barazani. Baada ya kula, sisi tulio na deni la miaka karibu 40, tukamwuliza polepole: "Ilikuwaje, mwanangu?"

Akatazama mikono yake, kisha akasema, "Siku nyingine, babu."

Tukamwambia vema, siku nyingine. Banda bado halijaezekwa, naye amesema atarudi Alhamisi.